Fyuzi imekata

Gari likizima taa pale Misigiri, baada ya kuupanda mlima Sekenke, utasikia kauli mbili: "Fyuzi imeungua" na "Fyuzi imekata." Wenye kamusi mkononi watasahihisha: imekatika! Mimi nasimama na fundi anayesema imekata. Kazi ya fyuzi ni kukata. Umeme ukizidi, kijiwaya chake huyeyuka na kuufungia njia kabla nyaya za gari hazijashika moto. Hata jina lenyewe, lililotufikia kupitia Kiingereza, asili yake ni neno la Kilatini la kuyeyusha. Na ikishakata, imekata roho: haitibiwi, hubadilishwa.

Zima gari, ichomoe, itazame kwenye mwanga. Kijiwaya kimeachana? Weka nyingine ya namba ileile: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. (Rangi hizo si urembo.) Anayekuwekea ya 30 palipotakiwa 10, au kipande cha waya "ufike tu Singida mjini", hajatengeneza kitu, amemfukuza mlinzi. Ikikata tena, usinunue ya tatu. Mwambie fundi atafute waya uliochubuka.