Mgonjwa, Simu na Tabibu: Juu ya Kujitafutia Maradhi Mtandaoni

Aghalabu matabibu hunung'unika kwamba mgonjwa wa zama hizi huwajia akiwa amekwisha kujipa jina la maradhi kwa yale aliyoyasoma katika simu. Na lawama hiyo, ijapokuwa ina sehemu ya haki, naiona imeelekezwa pasipo pake, kwa kuwa mtu kutaka kuujua mwili wake si kosa, ilhali hatari yenyewe huingia pale jina linapopatikana kabla ya kipimo, likampeleka mwenye nalo kwenye duka la dawa badala ya zahanati.

Tuitazame homa ya mtoto. Mama wa Dar es Salaam aandikapo kwamba mwanawe ana joto, anatapika na amekataa chakula, malaria huwa miongoni mwa majina anayojibiwa, naye hulisadiki upesi, maana ndilo alilolizoea tangu utotoni. Na muuza dawa, akishaonyeshwa simu, huishusha dawa mseto ya malaria pasi na swali la pili. Lakini wataalamu waliowachunguza watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, na kuyachapisha matokeo mwaka 2014, waliikuta malaria kwa takriban mmoja tu katika kila kumi, na walio wengi walikuwa na maradhi ya njia ya hewa.

Hapo ndipo thamani ya mkono na jicho la mwanadamu inapodhihiri. Muuguzi humpandisha mtoto shati, akatazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima, na mtoto akilia huanza upya: zikifika 50 kwa aliye kati ya miezi miwili na mwaka, au 40 kwa aliyetimiza mwaka na hajafika mitano, nimonia hushukiwa; na kifua kikibonyea kila avutapo pumzi, hadhari huzidi. Simu yaweza kuuliza kama mtoto anapumua kwa haraka, lakini mama asiyepata kufundishwa hesabu hiyo hujibu kwa kukisia, na hukumu yote ikasimama juu ya dhana yake.

Hata hivyo insafu yatulazimu kusema kwamba programu hizi za simu, zinazoelezwa dalili zikajibu kwa majina ya maradhi, zina kazi yake. Uchunguzi wa programu 23, uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2015, ulionyesha kuwa maradhi ya kweli yalitajwa mwanzo katika asilimia 34 tu ya majaribio, ilhali kwa mambo ya dharura shauri la kukimbilia matibabu lilikuwa sahihi kwa asilimia 80. Basi watu wetu, ambao tangu mwaka 2019 wameweza kuiuliza programu ya Ada kwa Kiswahili, wangefaa kufundishwa kuuliza kama waende usiku huu au wangoje asubuhi, wala wasiulize wanaumwa nini. Na mzazi mwenye shaka asingoje, hata simu ikimtuliza.

Tabibu naye asikunje uso. Na aulize kwa upole mgonjwa amesoma nini na, lililo kubwa zaidi, amekwisha kumeza nini, kwani mtoto aliyeanzishiwa dawa mseto nyumbani aweza kuonekana hana vimelea katika darubini, ilhali kipimo cha haraka chaweza kuendelea kuonyesha malaria majuma kadhaa baada ya vimelea kwisha, na mwenye kuijua siri ya vidonge hivyo ni mama peke yake.