Swali la kijana wa dawati la nyuma

Nimerudi chuoni salama, bumu bado halijaingia, na msosi ni ule ule wa wali maharage. Niliahidi kuwasimulia mambo ya fildi, nikawa nakwepa. Leo naandika, maana kuna swali limenifuata mpaka hosteli.

Mimi ni mtu wa HKL, mnanijua. Historia na Kiswahili ndiyo masomo yangu ya kufundishia. Fildi nilipangiwa shule moja kule Kilwa, na wiki ya tatu nikapewa kidato cha tatu, mada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Nikajiona nimelamba dume! Mada hiyo niliimeza tangu sekondari: sababu za vita sita, sababu za kushindwa tano, matokeo sita. Nikashika chaki. Sababu za kushindwa, namba moja: silaha duni. Namba mbili: imani za kishirikina, eti waliamini maji ya Kinjikitile yangezigeuza risasi kuwa maji.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo babu zetu walikuwa wajinga?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Kwao ni Umatumbi, kule kule vita vilikoanzia. Nikamjibu vile nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wake: enzi zile watu hawakuwa na elimu. Kengele ikalia, nikafuta ubao, nikaenda ofisini kunywa chai. Chai haikupita.

Niliporudi chuoni nikaenda maktaba kuazima Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Niliisoma kidato cha tano, lakini niliisoma kwa madesa: dhamira, ujumbe, wahusika, basi. Safari hii niliisoma bila daftari pembeni. Jamani, kuna kitu nilikiruka. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, vita vimeshawaendea vibaya, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua akikiri, kesho watoto na wajukuu wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana.

Nilifunga kitabu. Maneno aliyokataa kuyasema huyo mzee, mimi nimeyaandika ubaoni kwa chaki nyeupe, mbele ya mjukuu wa waliopigana. Na wala sikupigwa kiboko hata kimoja.

Najua mtaniambia tamthiliya si historia. Kweli, na Hussein mwenyewe anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu, kwa hiyo hakuishi kuona watu wake wakishindwa. Lakini hiyo tarehe peke yake inatosha kuvunja pointi yangu namba mbili. Kama watu walikuwa wanamfuata mganga tu, mbona mganga kanyongwa mwanzoni na vita vikaendelea mpaka 1907, vikafika hadi Ungoni?

Tujiulize vilianzaje. Tangu 1902 serikali ya Gavana von Götzen ililazimisha mashamba ya pamba vijijini. Watu waliacha mashamba yao ya chakula wakaenda kulima pamba chini ya kiboko, malipo kiduchu. Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa. Hasira ilikuwepo kabla ya maji. Maji yaliwapa watu wasio na mtawala mmoja wala lugha moja kitu kimoja cha kushikana mikono. Tarehe 30 Agosti 1905 waliivamia ngome ya Mahenge, wakaona kwa macho yao kwamba bombomu za Mjerumani hazigeuki maji. Wengi hawakusalimu amri, waliingia msituni wakawa wanavizia. Kilichowamaliza zaidi ni njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma vijiji na maghala kwa makusudi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Haya yote tunayajua vizuri kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa historia pale Dar es Salaam, vijana kama sisi, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita. Wao walikwenda na daftari tupu. Mimi nilikwenda Kilwa na daftari limejaa, na sikumuuliza mzee yeyote chochote.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha. Fikirieni hilo: Mjerumani kaomba msamaha, mimi Mtanzania niko ubaoni nafundisha kwamba walijiponza kwa ushirikina.

Simlaumu mwalimu wangu. Mtihani unataka pointi, na pointi ile ina maksi zake. Lakini nadhani ndiyo maana Mungu alinipa masomo mawili. Historia ilinipa tarehe ya kunyongwa, fasihi ikaniuliza yule mtu alikuwa anafikiria nini kamba ikimngoja. Ukinipa moja bila jingine naharibu watoto wa watu.

Mwakani nina fildi nyingine. Andalio la somo nimeshaanza kuliandika, na safari hii naanzia shamba la pamba. Tatizo ni yule kijana. Atakuwa kidato cha nne, na mimi huenda nikapangiwa kwingine kabisa. Jibu lake ni hapana, hawakuwa wajinga, na sijui nani atampelekea.

Nyie mliosoma HKL, mlifundishwaje hii mada? Na je, mliuliza?

Haya, niwaache, kesho asubuhi nina testi ya saikolojia na sijagusa hata desa moja.