Safu za TweetDeck

Kabla simu ya mkononi haijayatawala mazungumzo ya walimwengu, mtu aliyetaka kufuatilia Twitter, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 2006, kwa kivinjari cha kompyuta alilazimika kufungua ukurasa wake na kuupakia upya kila mara, kazi yenye taabu nyingi na faida haba. Ndipo Januari 2007 kampuni ndogo ya Iconfactory ilipotoa Twitterrific, programu ya kompyuta za Mac ya kufuatilia mtandao huo.

Lakini iliyowateka zaidi waandishi wa habari ni TweetDeck, iliyotolewa mwaka 2008 na Iain Dodsworth wa London. Kuisakinisha kulikuwa na sharti: Adobe AIR, jukwaa la kuendeshea programu, iwemo kwanza katika kompyuta, maana juu yake ndipo ilipotembea, iwe kwa Windows, Mac au Linux, kisha mwenyewe akiingiza jina na neno la siri, akapanga safu zake, hii ya rafiki, hii ya waliomtaja, hii ya neno alilotaka kulichungua, zote zikijisasisha bila kuguswa, mithili ya karani wa forodhani mwenye madaftari kadhaa wazi mbele yake, na kwa kweli, kwa tartibu na wepesi, iliushinda ukurasa wa wenye mtandao wenyewe.

Mwaka 2011 Twitter iliinunua. Mwaka uliofuata ikazibana programu mpya za wengine, zisipite watumiaji 100,000 bila idhini yake. Na Januari 2023 ikazipiga marufuku kabisa, Twitterrific miongoni mwao. Mwaka huo huo TweetDeck nayo ikageuzwa jina, ikawa ya wanaolipa tu.