Tufani ya Aprili 1872: Kutoka Mikarafuu ya Unguja hadi Maboma ya Unyiha

Tarehe 15 Aprili 1872, katikati ya masika, tufani iliyotoka Bahari ya Hindi iliipiga Unguja na kuiacha ikiwa nchi nyingine. Katika maandishi ya historia tukio hilo limekuwa na nafasi maalumu, nayo ni nafasi ya kisiwani: mikarafuu iliyong'oka, majahazi yaliyozama, Sultani aliyefilisika. Watu wa bara huonekana pembeni tu, na watu wa nchi ya juu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambayo sehemu yake kubwa upande wa Tanzania ndiyo Mkoa wa Songwe tangu 2016, hawaonekani kabisa. Hilo si ajabu. Upepo wa siku ile haukufika Mbozi wala Ileje. Hata hivyo, madhara ya tufani hayakukoma pale upepo ulipokoma. Mashamba yaliyoangushwa yalihitaji kupandwa upya, na katika uchumi wa Zanzibar wa wakati ule kupanda kulimaanisha kupata watumwa, na watumwa walitoka bara. Insha hii inafuatilia njia hiyo, kutoka shamba lililoanguka hadi kijiji cha mbali ambacho huenda hakikuwahi kuliona jani la mkarafuu.

Kwanza ni vyema kueleza kwa nini tukio lenyewe lilikuwa la nadra. Tufani za kitropiki huhitaji bahari yenye joto, lakini pia huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili upepo uanze kujizungusha, na msukumo huo hupungua kadiri mtu anavyokaribia ikweta. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mahali ambapo tufani kwa kawaida hazifiki. Mwambao wa Tanzania umepigwa mara chache mno, na kwa sadfa ya kushangaza kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 nacho kilitua tarehe 15 Aprili. Nadra hiyo ina maana katika historia ya kilimo. Mkulima wa Songwe anaijua mvua ya mawe, na anajua kwamba mwaka mmoja katika miaka kadhaa itachana majani ya mahindi au ya kahawa. Mwenye shamba wa Unguja hakuwa na hesabu ya namna hiyo. Tangu Seyyid Said alipohimiza kilimo cha karafuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mashamba yalipanuliwa kana kwamba hatari pekee ilikuwa bei kushuka.

Na bei ilikuwa imeshuka kweli. Kufikia miaka ya 1860 karafuu zilikuwa nyingi kuliko soko, na wenye mashamba wengi walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashamba yao yakiwa rehani. Juu ya hayo, kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu mjini na mashambani. Dakta James Christie, tabibu aliyeishi Zanzibar miaka hiyo na aliyechapisha kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876, ni mmoja wa mashahidi wakuu wa kipindi chote hiki. Tufani, kwa hiyo, haikuikuta nchi yenye neema. Iliikuta nchi iliyodhoofika, na Sultani, Seyyid Barghash, akiwa hajatimiza miaka miwili tangu ashike kiti mwezi Oktoba 1870.

Taarifa za Christie na za John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza, zinakubaliana juu ya sura ya uharibifu. Bandarini vyombo karibu vyote vilizama au vilitupwa pwani, zikiwamo merikebu za Sultani. Miaka sita baadaye, mwaka 1878, Barghash alipokea manowari mpya, Glasgow, ile ile iliyozamishwa na Waingereza mwaka 1896. Mjini nyumba za mawe ziliezuliwa mapaa, na vibanda vya makuti vilipeperuka. Lakini pigo kubwa lilikuwa shambani. Mkarafuu ni mti mrefu wenye mizizi ya juujuu na matawi yanayokatika kwa urahisi. Ukipigwa na upepo wa kuzunguka hauna pa kujishikia. Makadirio ya wakati ule yanasema kwamba takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangamia.

Makadirio hayo yanahitaji kusomwa kwa jicho la mkulima. Mkarafuu unaopandwa leo hauzai kabla ya miaka sita au saba, na hufikia mavuno kamili baadaye sana. Mnazi nao hauna haraka. Kupoteza mti wa namna hii si kupoteza mavuno ya mwaka mmoja. Ni kupoteza kazi ya watu wa miaka mingi iliyopita, na kulazimika kutafuta kazi ya watu wa miaka mingi ijayo. Aliyebeba hasara hiyo hakuwa mwenye shamba peke yake. Kwa desturi ya Unguja, mtumwa wa shambani alimfanyia bwana wake kazi siku tano na kubakiwa na siku mbili, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa, za kulima kipande chake cha muhogo na mboga. Kipande hicho kilikuwa ndani ya shamba lile lile lililoangukiwa na miti. Kumbukumbu za ubalozi zinahesabu karafuu na meli. Vipande vya muhogo havikuhesabiwa.

Bara nalo liliguswa, ingawa kwa namna tofauti. Ng'ambo ya Unguja, majengo ya misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, yaliharibiwa vibaya. Ndani zaidi, masika ya mwaka huo yaliijaza mito kupita kiasi. Henry Stanley, aliyekuwa akirejea pwani baada ya kumwona Livingstone na aliyefika Bagamoyo tarehe 6 Mei, alipita Morogoro na kuona ukuta wa mbele wa mji wa Simbamwene umechukuliwa na mafuriko ya Mto Ngerengere pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Vijiji vya Waluguru vilivyokuwa miteremkoni vilipata maafa makubwa zaidi kwa mujibu wa habari alizosimuliwa njiani. Stanley alikuwa mwandishi wa magazeti na alipenda kukuza mambo; hata hivyo, katika suala hili yeye mwenyewe alizipunguza habari alizopewa, akikadiria kwamba hata robo yake ikiwa kweli, watu wasiopungua mia moja walikufa. Ukurasa huo wa msafiri unafaa kuwekwa kando ya taarifa za Kirk, kwa kuwa unaonyesha maafa ya wakulima wasiokuwa na balozi wa kuwaandikia.

Pemba haikupigwa. Jambo hilo moja ndilo lililogeuza tufani kuwa tukio la kiuchumi lenye kuenea. Karafuu zilipopungua, bei ilipanda zaidi ya maradufu, na kila aliyekuwa na mti uliosimama alitajirika. Pemba, ambayo hapo awali ilisifika zaidi kwa mpunga na vyakula, ilivamiwa na upandaji wa mikarafuu. Mwishoni mwa karne ilikuwa ikitoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu zote za Zanzibar, na hali hiyo haijabadilika hadi leo. Baadhi ya watafiti wameliona badiliko hili kama kazi ya tufani moja kwa moja. Maelezo hayo hayatoshi. Upepo uliiacha Pemba na miti yake michache. Miti mipya ilipandwa na watu, na swali linalobaki ni watu gani, na walifikaje.

Walifika katika miaka ile ile ambayo kuwaleta kulikuwa kunapigwa marufuku. Kamati Teule ya Bunge la Uingereza ilikuwa imechunguza biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki mwaka 1871, ikiwa na takwimu zilizoonyesha kwamba Kilwa peke yake ilipitisha watumwa wapatao elfu ishirini kwa mwaka katika baadhi ya miaka ya 1860. Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Zanzibar kudai mkataba wa kuikomesha biashara hiyo baharini. Barghash alikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo tufani: nchi imeangamia, mashamba yanahitaji mikono, na kuikata njia ya mikono wakati huu ni kuwaua wenye mashamba. Ni rahisi kuidharau hoja hiyo kama kisingizio cha mtawala aliyefaidika na ushuru wa watumwa. Lakini ndiyo hoja inayofichua zaidi mantiki ya mfumo wenyewe. Kwa Barghash, kama kwa raia zake wenye ardhi, msiba wa asili uliowapata ulikuwa na dawa moja, nayo ilikuwa msiba wa watu wengine. Frere aliondoka mikono mitupu. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya tishio la kuizingira bandari, Barghash alitia saini mbele ya Kirk, na soko la watumwa la mjini likafungwa.

Bahari ilipofungwa, misafara iligeukia nchi kavu. Frederick Elton, ofisa wa ubalozi aliyetumwa kuikagua njia ya pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu katika muda wa mwezi mmoja tu zaidi ya watumwa elfu nne wakipelekwa kaskazini kwa miguu. Wengi wao walivushwa kwa siri hadi Pemba, kisiwa kilicho karibu na bara na chenye vihori vingi vya kujificha. Barghash alitoa matangazo mengine mwaka 1876 ya kuzuia misafara hiyo. Kati ya tufani na matangazo hayo kuna miaka minne, na ndiyo miaka ambayo Pemba ilijaza ardhi yake miche.

Watu hao walitoka wapi? Wengi wa waliopitia Kilwa walitoka pande za Ziwa Nyasa, na mtandao wa ziwa hilo uliunganishwa na nchi ya juu iliyo kati yake na Ziwa Tanganyika: Unyiha, Unamwanga, Undali, Malila. Hapa hoja lazima iwekewe mipaka. Vurugu za ushoroba huu hazikuanzishwa na tufani. Wabemba kutoka kusini-magharibi na Wasangu wa Merere kutoka mashariki walikuwa wakishambulia kwa sababu zao wenyewe. Pembe za ndovu zilivuta misafara kabla ya 1872 na baada yake. Na Wanyiha, waliokuwa wawindaji hodari wa tembo na wafua chuma, walikuwa ndani ya biashara hiyo, si nje yake. Kilichofanywa na tufani ni kuiongezea nguvu sehemu ya mwisho ya mnyororo, pwani, wakati ambapo vinginevyo ingelegea. Karafuu zilikuwa zimeporomoka bei kabla ya Aprili 1872. Mwenye shamba aliyezama katika deni hakuwa na sababu ya kununua mtu mwingine. Baada ya tufani alikuwa nayo.

Katika nusu hiyo ya pili ya karne watu wa Unyiha waliyaacha makazi ya kutawanyika na kujikusanya katika vijiji vilivyozungushiwa maboma ya miti, mashamba yakibaki nje. Kwa jamii ya wakulima hiyo ni gharama kubwa. Ardhi ya karibu huchoka, kuni huwa mbali, na mwanamke anayetoka alfajiri kwenda kulima yuko hatarini mpaka arejee. Masimulizi yaliyoandikwa baadaye na wamisionari wa Kimoravian, hasa Elise Kootz-Kretschmer, na kuchambuliwa na mwanahistoria Marcia Wright, yanahifadhi sauti za watu waliopita katika hali hiyo, miongoni mwao Narwimba, Chisi na Msatulwa Mwachitete wa Unyiha. Masimulizi hayo yanahusu zaidi miongo iliyofuata, na yanasahihisha picha ya mstari mmoja kutoka kijijini hadi pwani. Mateka wengi, hasa wanawake, hawakufika baharini. Walibadilishwa kwa deni, walitolewa fidia, waliolewa na kuachwa katika nchi zile zile, wakipita mkono hadi mkono kwa miaka. Ni mahitaji ya mbali yaliyowapa thamani iliyowafanya wauzike, hata pale ambapo mnunuzi alikuwa jirani.

Kwa kipimo hiki, hesabu ya wahanga wa 1872 haiwezi kufungwa mwaka huo wala kisiwani. Mwaka 1877 Elton yule yule, safari hii akitokea Nyasa, alipita kwa Merere katika nchi iliyokuwa vitani, akafa Ugogo mwezi Desemba kabla ya kufika pwani. Joseph Thomson alipokata nchi kutoka Nyasa kwenda Tanganyika mwaka 1879, Wanyiha walikuwa bado wakiishi ndani ya maboma. Mwaka huo miche iliyopandwa Pemba katika masika ya kwanza baada ya tufani ilikuwa inaanza kuzaa.