Citizens ya Glasgow: Kampuni ya Tamthilia Iliyozaliwa Vitani

Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa imeingia mwaka wa tano, pazia lilifunguliwa katika ukumbi wa Athenaeum, mtaa wa Buchanan, Glasgow. Mchezo uliochezwa ulikuwa Holy Isle, ulioandikwa na James Bridie. Kampuni iliyoucheza ilikuwa mpya kabisa, nao wananchi wa mji huo wa Scotland walikuwa wakiiona jukwaani kwa mara ya kwanza.

Glasgow ya wakati huo ilikuwa mji wa kazi na hofu. Viwanda vya meli kando ya mto Clyde vilifanya kazi usiku na mchana kuijengea Uingereza manowari na meli za mizigo, na kwa sababu hiyo ndege za Ujerumani ziliulenga. Tarehe 13 na 14 Machi 1941 ziliupiga mji jirani wa Clydebank kwa mabomu, na watu zaidi ya 500 wakafa humo. Usiku ulipoingia, kila dirisha lilifunikwa pazia jeusi. Aliyetaka kwenda kutazama tamthilia alipita barabara zisizo na taa, na kurudi alirudi hivyo hivyo.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali ilifunga majumba yote ya sinema na tamthilia nchini kwa kuhofia mabomu. Amri hiyo haikudumu, maana ilionekana mapema kwamba watu waliochoshwa na kazi za vita wanahitaji mahali pa kukaa pamoja, wacheke na wafikiri. Mwaka 1940 likaundwa baraza la kuhimiza muziki na sanaa, na kwa mara ya kwanza fedha za umma za Uingereza zikaanza kutumika kusaidia michezo ya jukwaani. Baraza hilo ndilo lililokuja kuwa Baraza la Sanaa baada ya vita. Kwa hiyo anayedhani kwamba tamthilia ilifunguliwa Glasgow licha ya vita anaona upande mmoja tu. Vita vyenyewe vilileta hadhira yenye kiu, vikaleta na ruzuku ambayo wakati wa amani haikuwapo.

Bridie aliliona hilo mapema, kwani ndiye aliyeongoza kamati ya Scotland ya baraza hilo. Jina lake halisi ni Osborne Henry Mavor. Alizaliwa Glasgow mwaka 1888, akasomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo, akatumikia kama daktari wa jeshi huko Ufaransa na Mesopotamia katika Vita Kuu ya Kwanza, na ya pili ilipozuka akavaa sare tena. Tamthilia alianza kuziandika akiwa daktari, na kufikia miaka ya 1930 zilikuwa zikijaza kumbi za London. Hapo ndipo palipomkera. Mwandishi wa Scotland alilazimika kwenda London ili asikike, na mwigizaji wa Scotland vivyo hivyo. Michezo mingi mikubwa iliyofika Glasgow ilitoka huko ikiwa imekwisha kupikwa, ikachezwa wiki moja au mbili, ikaondoka.

Ndipo akaamua kuanzisha kampuni ya Glasgow yenyewe, na hakufanya kazi hiyo peke yake. Alikuwapo Tom Honeyman, mkurugenzi wa majumba ya sanaa ya mji, ambaye naye alisomea udaktari. Huyu ndiye baadaye aliyenunulia Glasgow ule mchoro mashuhuri wa Salvador Dalí wa Kristo msalabani, akashambuliwa vikali kwa gharama yake. Alikuwapo George Singleton, mmiliki wa sinema, aliyefungua Cosmo mwaka 1939. Alikuwapo pia Paul Vincent Carroll, mwandishi wa tamthilia kutoka Ireland aliyekuwa akiishi Glasgow. Jina la kampuni, Citizens, yaani raia, walilitoa kwenye maneno ya waliowatangulia: mwaka 1909 Alfred Wareing alikuwa ameanzisha mjini humo jumba la tamthilia lililojitangaza kuwa la raia wote, nalo likafa Vita Kuu ya Kwanza ilipofika. Ahadi iliyozikwa na vita moja ikafufuliwa katikati ya vita nyingine.

Athenaeum ilikuwa ndogo, jukwaa lake finyu, na haikufaa kwa muda mrefu. Mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha, Harry McKelvie aliwapangisha jumba lake la Royal Princess's, lililofunguliwa mwaka 1878 ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Gorbals. Uamuzi wa kwenda huko ulikuwa mzito. Gorbals ilijulikana kwa umaskini, magorofa yaliyosongamana na familia zilizobanana chumba kimoja, wengi wao watu waliotoka Ireland na Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki. Watu wenye uwezo walioizoea Athenaeum walitakiwa sasa kuvuka daraja.

Walivuka, lakini hapa lazima tuseme kweli. Kwa miaka mingi ya mwanzo kampuni ilikaa Gorbals bila kuwa ya Gorbals. Wafanyakazi wa mji walikuwa na kikundi chao, Glasgow Unity, kilichoanzishwa mwaka 1941, nacho ndicho kilichowaletea mwaka 1946 The Gorbals Story, mchezo wa Robert McLeish kuhusu dhiki ya nyumba mtaani hapo hapo. Unity walimlaumu Bridie waziwazi kwamba anawahudumia wenye nafasi. Kikundi hicho hakikuishi muda mrefu, lakini lawama yake ilikuwa na haki, na ilibaki hewani.

Kilichowavuta watu wa kila aina wakati huo kilikuwa michezo ya Krismasi ya nyimbo na vichekesho, ambayo jumba la McKelvie lilikuwa na sifa nayo tangu zamani. Palikuwa na mila kwamba jina la mchezo wa Krismasi liwe na herufi 13, kwa kutafuta bahati. Kampuni iliiheshimu: mwaka 1949 ilicheza The Tintock Cup, na anayependa kuhesabu atazikuta herufi zote. Lugha ya jukwaani ilikuwa ile ile ya sokoni na ya kwenye tramu, na kijana Stanley Baxter, aliyekuja kupendwa na Uingereza nzima, alijijenga hapo.

Mwaka 1950 Bridie alisaidia kuanzisha chuo cha kufundishia uigizaji Glasgow, ili kijana wa Scotland asilazimike kuhama kwenda kujifunza. Alifariki Januari 1951. Halmashauri ya jiji ilikuja kulinunua jumba na kulipangisha kwa kampuni. Mwaka 1965 ukafunguliwa pembeni ukumbi mdogo wa wanachama, Close, uliopata uhuru zaidi kwa kuwa michezo ya hadhara Uingereza ilipitia kwa mkaguzi wa serikali hadi mwaka 1968. Uliungua mwaka 1973. Mwaka 1967 kilianza kitengo cha kupeleka maigizo shuleni.

Mwaka 1969 alifika Giles Havergal kuongoza kampuni, na kwangu mimi hapo ndipo ahadi ya mwaka 1943 ilipoanza kulipwa. Viti vilikuwa vitupu. Akiwa pamoja na Philip Prowse, msanii wa mandhari na maleba, kisha Robert David MacDonald, mwandishi na mfasiri, aliongoza jumba hilo hadi mwaka 2003. Mwaka 1970 walicheza Hamlet kwa waigizaji wanaume watupu. Magazeti yaliwashambulia, baadhi ya shule zikafuta safari zao, na vijana wakaja kwa wingi kujionea.

Wengi huwasifu watatu hao kwa ujasiri wa jukwaani. Mimi nawasifu zaidi kwa dirisha la tiketi. Katikati ya miaka ya 1970 walitangaza kwamba kila kiti ni peni 50, yaani nusu pauni, kuanzia cha mbele hadi cha nyuma. Hapakuwa na viti vya wakubwa. Waigizaji nao walilipwa mshahara sawa, na majina yao yalipangwa kwa alfabeti, ili nyota asiandikwe juu ya anayeanza. Walioanza walikuwamo Pierce Brosnan, Ciarán Hinds, Tim Roth na Gary Oldman. Mwaka 1990 Glenda Jackson, ambaye tayari alikuwa na Oscar mbili, alicheza hapo Mother Courage ya Brecht, na watu wa mtaa wakamtazama kwa bei waliyoimudu.

Wakati huo huo Gorbals yenyewe ilikuwa ikibomolewa. Nyumba za zamani zilisawazishwa, na mwaka 1977 jengo la jirani la Palace likaondoka pamoja na uso wa mbele wa Citizens. Sanamu za mawe za John Mossman zilizosimama juu ya uso huo, zikiwamo za Shakespeare na Robert Burns, ziliokolewa na kuingizwa ndani. Kwa muda jumba lilibaki limezungukwa na viwanja vitupu, hadhira ikiendelea kuja kwa basi.

Mwaka 2018 jumba lilifungwa kwa ukarabati mkubwa. Ulikawia kwa ugonjwa wa Uviko na kwa gharama zilizopanda, na kampuni ikacheza kwenye kumbi za wengine. Lilifunguliwa tena mwaka 2025, likiwa na mashine za chini ya jukwaa za enzi ya Malkia Victoria, ambazo kumbi chache sana za Uingereza bado zinazo. Msomaji atakayefika Glasgow asiishie katikati ya mji. Avuke Clyde, aingie Gorbals, akate tiketi.