Kali: Neno la Kisu au Neno la Nguvu?

Katika malango mengi ya mtaa wa Spring Valley, magharibi mwa jiji la Nairobi, pamebandikwa kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Upande wa pili wa jiji, huko Kamukunji, mafundi hufua visu, majiko na masanduku ya bati, nao hujulikana nchini kote kuwa ni watu wa "jua kali". Semi hizi mbili zina kivumishi kimoja, na wala hapana kisu katika yoyote kati yake. Hata hivyo, mwanafunzi aulizwapo maana ya -kali, aghalabu hukitaja kisu kwanza, kwa kuwa amezoea kulifasiri neno hilo kwa "sharp" la Kiingereza. Yafaa basi kuuliza kama mpangilio huo wa maana ni wa Kiswahili chenyewe, au ni wa lugha iliyotumiwa kukifasiri.

Isimu linganishi ya Kibantu, ambayo Malcolm Guthrie aliikusanyia data katika majuzuu 4 kati ya 1967 na 1971, inaonyesha kwamba asili ya neno hili ni mzizi *-kadi. Mzizi huo unahusishwa na ukali wa tabia, wa ladha na wa chombo kwa pamoja. Katika Kitswana, "bogale" ni makali ya kisu na pia ni ukali wa mtu. "Mogale" ni shujaa. Kwa hiyo mapana ya neno hili ni urithi wa kale, wala si sitiari zilizobuniwa pwani baada ya neno kuanza na kisu.

Ushahidi wa pili umo katika vinyume. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu. Cha mwalimu mkali ni mwalimu mpole. Cha jua kali ni jua lililofifia au kivuli chenyewe. Hapana neno moja liwezalo kuwa kinyume cha -kali mahali pote. Kinachobaki kila mara ni nguvu imuumizayo aikaribiaye, iwe ni kwa kukata, kuchoma, kuwasha au kukemea. Kisu ni mfano mmoja tu wa nguvu hiyo, nacho kina msamiati wake mahususi: kunoa, kinoo, ncha, wembe, butu.

Lugha jirani zilifuata njia nyingine. Katika Kikuyu, lugha ya Kabete inayopakana na Spring Valley, panga lililonolewa huelezwa kwa kivumishi "-ũgĩ", na kivumishi hicho hicho humweleza mtu mwerevu. Kiganda nacho kina "-ogi" kwa chombo chenye makali. Hapo makali yameelekea kwenye akili, ilhali -kali ya Kiswahili imeelekea kwenye hasira na joto. Ni katika mazungumzo ya siku hizi tu ambapo "mkali wa hesabu" amekuwa bingwa wa kusifiwa.

Kiingereza chenyewe hakikuanza na kisu kila mara. "Sharp" hutokana na "scearp" la Kiingereza cha kale, nalo lilihusu makali tangu hapo. Lakini "keen" hutokana na "cene", lililomaanisha jasiri na mwenye hekima, nalo ni ndugu wa "kühn" la Kijerumani. Kusifia makali ya chombo kulifuata baadaye. "Acute" limetoka katika Kilatini "acutus", yaani kilichonolewa, na mzizi wake wa mbali ndio uliozaa "acetum", yaani siki. Mfasiri aliyelichagua "sharp" peke yake alichagua chumba kimoja katika nyumba pana.

Historia ya Nairobi inaonyesha athari ya jambo hili. Kiswahili sanifu kingedai "mbwa mkali", kwa upatanisho wa viumbe wenye uhai. Umbo la kibao linalingana na Kiswahili cha bara na kile cha amri kilichoitwa Kisetla, kilichopunguza viambishi. Na vitongoji vya magharibi vilitengewa Wazungu enzi ya ukoloni. "Jua kali", kwa upande wake, ni sarufi kamili. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliieleza kazi ya mafundi hao kwa istilahi ya sekta isiyo rasmi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera uliolibeba jina "Jua Kali" ndani ya Kiingereza bila kulifasiri. Neno ambalo kwa muda mrefu lilikuwa likifasiriwa kwa "sharp" lilikuwa limekataa kufasiriwa.

Ushahidi huu hauthibitishi kwamba ukali wa tabia ulitangulia makali ya chombo. Unathibitisha kwamba kisu hakina haki ya kutangulia kwa sababu tu Kiingereza kimekitanguliza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilifuata njia ya kukieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Hapana budi watunzi wa kamusi waifuate njia hiyo hadi kwenye mpangilio wa maana, la sivyo maneno yatakuwa ya Kiswahili na fikra zitabaki kuwa tafsiri.