Sufuria ya Mbwa

Columella, mkulima wa Kirumi aliyezaliwa Cádiz, kusini mwa Hispania, aliandika katika karne ya 1 kitabu kirefu cha kilimo, na humo hakumsahau mbwa. Alitaka mbwa wa nyumbani awe mweusi ili mwizi amwogope zaidi, na mbwa wa kondoo awe mweupe ili mchungaji asimpige gizani akidhani ni mbwa mwitu. Kisha akaeleza chakula cha mbwa. Kwenye shamba la kukamua maziwa, mbwa apewe unga wa shayiri uliochanganywa na yale maji yanayobaki jibini likishaganda. Kwenye shamba lisilo na malisho, apewe mkate uliolowekwa katika maji ya maharage, yakiwa vuguvugu, kwa kuwa yakiwa ya moto humtia kichaa.

Hilo la kichaa alikosea. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyo kwenye mate ya mnyama anayeuma. Lakini mimi ni bwana mifugo, kazi yangu ni kuzunguka vijijini huku nyanda za juu kusini na masanduku ya chanjo, na hiyo sufuria ya Columella naijua. Naikuta imetelekwa nyuma ya jiko kila kijiji ninachoingia. Jirani yangu mmoja huchemsha vichwa vya dagaa pamoja na maharage yaliyobunguliwa na wadudu, anamwagia dona, anasonga uji mzito, halafu anauacha upoe kwenye sinia kabla ya kuwaita mbwa wake wawili. Manyoya yao yanang'aa.

Hata hivyo, kila siku ya chanjo hapakosi mtu wa kuniuliza: "Bwana mifugo, mbwa si mla nyama? Ugali huu si namuumiza?" Wanaouliza siku hizi ni wengi kuliko zamani, kwa sababu wameambiwa kwamba mbwa ni mbwa mwitu aliyefugwa, basi alishwe kama mbwa mwitu, nyama mbichi na mifupa. Swali lina haki yake. Wanasayansi wenyewe wanamweka mbwa katika kundi la wala nyama, na ukimfungua mdomo utaona kwa nini: meno ya pembeni yanapishana kama makali ya mkasi, yameumbwa kwa kukata mnofu. Ila usifunge mdomo huo upesi. Nyuma kabisa kuna magego yenye uso mpana, ya kusaga, ambayo paka hana. Na jina la kundi si hukumu ya chakula. Panda wa China yumo kundi hilo hilo, naye anashinda akitafuna mianzi.

Mbwa alikuja kwetu kabla ya unga. Huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke, na ndani yake mna mifupa ya mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,000, na wakati huo hakuna aliyekuwa analima nafaka Ulaya. Mbwa yule alikula windo, au mabaki ya windo. Watu walipoanza kulima, makombo yakabadilika, na mbwa aliyeweza kunenepa kwa makombo hayo ndiye aliyezaa zaidi.

Mabadiliko hayo yalionekana wazi mwaka 2013. Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa kijivu (yule wa Ulaya na Asia, si mbwa mwitu wetu wa mbugani mwenye mabaka). Jeni moja hutoa amilasi, kimeng'enya kinachovunja wanga tumboni. Mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni hiyo, lakini mbwa waliopimwa walikuwa na nakala 4 hadi 30. Baadaye wengine wakapima mifupa ya kale ya Ulaya, wakakuta nakala zimeshaongezeka katika mbwa wa wakulima walioishi miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Dingo wa Australia, ambaye hakukaa na wakulima, amebaki na mbili.

Kwa hiyo mimi sisiti: mbwa ni mla vyote, mwenye asili ya mla nyama. Anapata vitamini A kutoka kwenye karoti, jambo ambalo paka hawezi. Wanga uliopikwa anausaga vizuri. Mwaka 1860 hivi Mmarekani James Spratt alianza kuuza London biskuti za mbwa za ngano, mboga na nyama iliyokaushwa, na biashara ikakua mpaka ikawa kiwanda kikubwa. Mbwa wa Waingereza walizila wakaishi.

Lakini kusema mbwa anakula ugali si kusema ugali unamtosha, na somo hilo lilipatikana kwa uchungu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani, maskini walikuwa wanakufa kwa maelfu kwa pelagra. Ngozi inababuka juani, tumbo linaharisha, akili inaruka. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe. Wakubwa wengi wa tiba waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali mwaka 1914, aliona kwamba katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili wauguzi hawaupati, akageukia sahani. Mwaka 1915 wafungwa 11 wa gereza moja la Mississippi walikubali, kwa ahadi ya msamaha, kulishwa chakula kile cha maskini. Sita wakaugua.

Madaktari wa mifugo wa huko walikuwa na ugonjwa wao, wakiuita ulimi mweusi. Mbwa anaanza kwa kukataa chakula. Mashavu kwa ndani na ufizi vinakuwa vyekundu, kisha vinachubuka vidonda. Mate mazito yenye harufu yananing'inia, na ulimi unageuka zambarau iliyokolea. Goldberger aliwalisha mbwa chakula cha wagonjwa wake, ulimi mweusi ukatokea. Akawapa hamira, wakapona. Alikufa mwaka 1929 bila kujua ndani ya hamira mna nini. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walimpa mbwa mgonjwa wa ulimi mweusi vitamini iitwayo niasini, akaanza kula tena upesi. Wagonjwa wa pelagra wakatibiwa kwa dawa hiyo hiyo.

Mahindi yana niasini, ila imefungwa kiasi kwamba tumbo haliifikii. Kinachookoa ni kitoweo: maziwa, dagaa, maharage, karanga. Columella hakujua lolote kuhusu vitamini, lakini tazama tena maelekezo yake, hakuna mahali anapompa mbwa unga mtupu.

Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga katika mgao wao, wakabaki kutegemea unga wa mahindi. Zaidi ya watu 17,000 wakapata pelagra. Mbwa wa Wisconsin walikuwa wameonyesha tiba miaka 53 kabla.